Stella Thomas: Binti wa Afrika Katika Kiti cha Hukumu



Wazee wameniagiza niandike habari za mtu mashuhuri aliyetutangulia katika mji huu wa London. Nimemchagua Stella Thomas. Hakuwa wa nasaba yetu, wala hakutoka Afrika Mashariki. Lakini njia aliyoifungua ndiyo wanayoipita leo binti zetu wanaosomea sheria.

Alizaliwa Lagos mwaka 1906, katika familia yenye asili ya Sierra Leone. Alikuja London kusoma sheria wakati uwakili wa wanawake ulikuwa jambo geni hata kwa Waingereza, maana sheria iliyowaruhusu ilipitishwa mwaka 1919 tu. Mwaka 1933 alikubaliwa kuwa wakili katika Middle Temple, akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kulifikia daraja hilo nchini Uingereza.

Hakujifungia vitabuni. Alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa League of Coloured Peoples, chama kilichoanzishwa mwaka 1931 na daktari Mjamaika, Harold Moody, kutetea haki za watu weusi. Mwaka 1934 aliukosoa hadharani, mbele ya Lord Lugard mwenyewe, ule mfumo wa kutawala kupitia machifu ambao wazee wetu wa Tanganyika waliujua wakati wa Gavana Cameron. Kwa binti asiyetimiza miaka 30, huo ulikuwa ushujaa.

Alirejea Lagos akafanya kazi ya uwakili, na mwaka 1943 akateuliwa kuwa hakimu, mwanamke wa kwanza katika Afrika Magharibi yote. Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Uingereza ilikuwa na wanawake waliosikiliza mashauri madogo bila malipo, lakini haikuwa na hakimu mwanamke wa mshahara hadi Sybil Campbell alipoteuliwa mwaka 1945. Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpata jaji mwanamke, Elizabeth Lane, mwaka 1965. Ile ya Kenya ilimpata Effie Owuor katika miaka ya 1980. Kumbe katika jambo hili mwanafunzi alimtangulia mwalimu.

Baada ya kuolewa alijulikana pia kwa jina la Marke. Alifariki mwaka 1974.

Nayaeleza haya kwa sababu katika koo zetu, ada ilipopungua, mara nyingi mtoto wa kiume ndiye aliyepelekwa shule, na dada yake akabaki jikoni. Stella alielimishwa, na matunda yake yakaonekana mahakamani. Basi tutakapoketi kugawa fedha za masomo ya watoto wetu, nasihi yangu kwa wazee na vijana ni moja: tutazame bidii ya mtoto, tusitazame kwamba ni wa kike au wa kiume.

Mungu atukutanishe tena kwa heri.