Hugh Trowell: Daktari aliyehangaika na watoto wa nywele nyekundu

KIYEYI, Tororo

Mtoto akianza kuvimba miguu, nywele zikageuka rangi na kunyonyoka, akawa hacheki wala halii kwa nguvu, mama wa Kiyeyi siku hizi anajua kwamba pa kukimbilia ni kituo cha afya. Ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, mama mwenzake anajua hivyo hivyo. Ugonjwa huo Watanzania wanauita unyafuzi, wengine kwashakoo. Miaka tisini iliyopita haukuwa na jina katika vitabu vya madaktari wa Afrika Mashariki, na mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuutafutia maana alifanya kazi kwanza Kenya, kisha Uganda.

Hugh Carey Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904 na kusomea udaktari London, katika Hospitali ya St Thomas'. Mwaka 1929 alikuja Kenya kama daktari wa serikali ya kikoloni. Huko ndiko alikoanza kuwaona watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu wamevimba, ngozi inabanduka kama iliyoungua, nywele zimekuwa nyekundu. Wenzake walikuwa na majibu mengi: minyoo, figo, kaswende ya kurithi. Watoto waliendelea kufa.

Mwaka 1935 alihamishiwa Uganda, kwenye Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako pia alifundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Watoto wale wale walimngoja huko. Mwaka 1937 alichapisha makala akiueleza ugonjwa huo kuwa ni pelagra ya watoto, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini unaowapata watu wanaoishi kwa mahindi matupu.

Alikosea, na kosa hilo lilikuwa na gharama. Vitamini za kutibu pelagra hazikuwaokoa watoto wa Mulago. Hata hivyo ni kosa la mtu aliyekaribia mlango. Protini hujengwa kwa asidi amino, aina 20 hivi, na 9 kati yake mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana upungufu wa mbili kati ya hizo, laisini na triptofani. Mwili hutumia triptofani kutengeneza ile vitamini inayozuia pelagra. Kwa hiyo pelagra na unyafuzi ni majirani, ingawa si ndugu.

Jibu lilikuwa limeshaanza kutolewa upande mwingine wa bara. Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933. Miaka miwili baadaye aliutumia jina la watu wa kabila la Ga, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake anakuja. Wakubwa wa taaluma London walimpuuza. Trowell naye alichukua miaka kukubali. Baganda walikuwa na neno lao, obwosi, nao pia waliuhusisha ugonjwa na mama kushika mimba nyingine. Akina mama wa pande mbili za Afrika, wasiojuana, walikuwa wameona jambo lile lile kabla ya hospitali, na ni vigumu kusoma historia hii bila kujiuliza watoto wangapi wangepona kama wangesikilizwa mapema.

Kilichombadilisha Trowell ni kazi aliyofanya Mulago pamoja na mtaalamu wa maiti na tishu, J.N.P. Davies. Maini ya watoto waliokufa yalijaa mafuta, na kongosho zao zilikuwa zimenyauka. Pelagra haifanyi hivyo. Ini lisilopata protini ya kutosha hushindwa kuyasafirisha mafuta, yakabaki humo. Protini ya damu iitwayo albumini nayo hupungua, na kwa maelezo ya wakati huo, ndiyo maana maji yanavuja na mwili kuvimba. Mtoto anaweza kuonekana mnene, kumbe ana njaa. Trowell akaanza kuuita utapiamlo hatari.

Maziwa ndiyo yaliyoleta nafuu, hasa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Mwaka 1954 Trowell, Davies na daktari Rex Dean, aliyeongoza kitengo cha Waingereza cha utafiti wa utapiamlo wa watoto pale Mulago, walitoa kitabu kilichoitwa kwa jina la ugonjwa wenyewe. Kilisomwa duniani kote.

Mambo hayakuishia hapo. Wazazi wengi waliogopa hospitali iliyotoa damu ya watoto kwa uchunguzi. Na maziwa ya unga yaliyomponya mtoto wodini hayakupatikana kijijini. Chupa chafu ikaleta kuhara. Mwaka 1965, Trowell akiwa ameshaondoka, Mulago ilianzisha kitengo cha Mwanamugimu, kilichowafundisha akina mama kupika kitobero: ndizi au viazi pamoja na maharage, karanga, samaki au chochote kilichopo nyumbani, vikichemshwa pamoja.

Hapa ndipo hadithi ya Trowell inapoigusa Kiyeyi moja kwa moja. Chakula cha kushibisha kati ya Tororo na Busia ni wimbi, mtama, mahindi na muhogo. Muhogo karibu hauna protini; mtoto anaweza kujaza tumbo kwa uji wake asubuhi na jioni na bado akavimba. Lakini karanga, kunde na ufuta zinastawi huku huku. Nafaka ina upungufu wa laisini, kunde zina laisini nyingi. Kunde zina upungufu wa methionini, nafaka inayo. Vikiliwa pamoja, kimoja kinaziba pengo la kingine. Halafu kuna dagaa, ambao Busia ya Kenya wanaitwa omena na Busia ya Uganda mukene. Samaki ni yule yule, anavuka mpaka kwa magunia, na kiganja kimoja kilichosagwa kwenye uji kina asidi amino zote 9. Inasikitisha kwamba kwenye nyumba nyingi mchuzi unaanza kwa baba na kuisha kabla ya kumfikia mtoto.

Wanasayansi wa leo wanasema unyafuzi si suala la protini peke yake. Maambukizi na hali ya utumbo vina sehemu yao. Trowell mwenyewe hakung'ang'ania jambo moja. Mwaka 1956, yeye na mwenzake waliripoti kisa cha ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika, jambo lililokuwa nadra kiasi cha kustahili makala. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika. Baada ya kurudi Uingereza akawa kasisi wa Kianglikana, na alipostaafu ukasisi alishirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji waliyefahamiana Uganda, kueleza faida za nyuzinyuzi za chakula. Kitabu chao kuhusu vyakula vilivyokobolewa kilitoka mwaka 1975.

Mkewe Margaret anastahili makala yake. Ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, iliyowalea Gregory Maloba wa Kenya, Sam Ntiro na Elimo Njau wa Tanganyika, miaka mingi kabla ya kuwapo kwa Jumuiya yoyote ya Afrika Mashariki.

Margaret alifariki mwaka 1985, Hugh mwaka 1989. Mwanamugimu bado inapokea watoto.