Sir Alan Cobham: Rubani aliyefungua njia ya anga ya London hadi Cape Town

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayepanda ndege mjini London jioni hushuka Cape Town asubuhi ya pili yake, baada ya safari ya takriban saa 12 bila kutua popote. Mwingereza Alan Cobham alipoondoka kuelekea mji huo Novemba 16, 1925, alifika Februari 17, 1926. Miezi mitatu ilikuwa imepita.

Hata hivyo, Cobham hakuwa akishindana na saa. Alitumwa kuchunguza iwapo ndege za abiria na barua zingeweza kupita Afrika nzima kwa ratiba, na zingetua wapi.

Cobham alizaliwa London, Mei 6, 1894. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alianza na kazi ya kutibu farasi wa jeshi nchini Ufaransa, kisha akahamia kikosi cha anga na kuwa mwalimu wa marubani. Vita vilipomalizika alitembeza watu angani kwa malipo madogo, hadi alipoajiriwa na kampuni ya kutengeneza ndege ya de Havilland.

Katika safari ya Cape Town alifuatana na watu wawili: fundi wake Arthur Elliott, na mpiga picha za sinema B. W. G. Emmott. Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1920, maofisa wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walifika Cape Town, lakini baada ya kuharibu ndege mbili njiani. Cobham alikwenda na kurudi na ndege moja ile ile.

Viwanja alivyotumia vilikuwa na historia yake. Baada ya vita, Serikali ya Uingereza iliagiza viwanja vya kutulia vitengenezwe kutoka Misri hadi kusini mwa bara. Kazi ilifanywa na vibarua wa Kiafrika, waliong'oa visiki na kubomoa vichuguu vikubwa vya mchwa, kisha wakasawazisha ardhi kwa jembe na sururu. Bila jasho lao, rubani huyo asingekuwa na pa kukanyaga.

Kutoka Khartoum alifuata Mto Nile hadi Mongalla, akapita Jinja, Kisumu na Tabora, kisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, na Ndola. Tatizo kubwa katika nyanda za juu lilikuwa hewa. Mahali penye mwinuko na joto hewa huwa nyepesi, mabawa hushika kidogo na injini hupungukiwa nguvu, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Ndiyo sababu ndege yake ilifungwa injini yenye nguvu zaidi kabla ya safari.

Wakati wa kurudi aliondoka Cape Town siku moja na meli ya abiria, akaitangulia kufika Uingereza.

Msiba angani

Miezi michache baadaye, Juni 30, 1926, alianza safari ya Australia akiwa na Elliott, safari hii kwa ndege iliyofungwa maboya ya kutua majini. Walipokuwa wakiruka chini chini kati ya Baghdad na Basra kwa sababu ya dhoruba ya vumbi, mlio mkubwa ulisikika. Cobham alidhani bomba la mafuta limepasuka. Kumbe risasi iliyopigwa kutoka ardhini ilikuwa imempata Elliott. Fundi huyo alifia Basra.

Cobham alitaka kuacha safari. Alishawishiwa kuendelea, akapewa fundi wa jeshi la anga, akafika Australia na kurudi. Oktoba 1, 1926 alitua juu ya Mto Thames, mbele ya majengo ya Bunge, huku umati mkubwa ukimshangilia. Mwaka huo huo alitunukiwa cheo cha Sir. Elliott, aliyeihudumia injini hiyo kutoka London hadi Cape Town na kurudi, hakuwapo kuiona siku hiyo.

Kati ya mwaka 1927 na 1928, Cobham alilizunguka bara la Afrika kwa ndege kubwa ya kutua majini, akiwa na mkewe, Gladys. Alitaka kuendesha njia ya Afrika yeye mwenyewe kwa ushirikiano na kampuni ya Blackburn, lakini kibali kiliishia mikononi mwa shirika la Imperial Airways. Februari 28, 1931 shirika hilo lilianza huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na Januari 1932 likaifikisha Cape Town. Aliyeipima njia hakuwa mwenye njia.

Vituo vya angani

Nchini kwake alizunguka mwaka 1929 akizihimiza halmashauri za miji zijenge viwanja vya ndege. Lakini kufikia miaka ya 1930 wazo jingine lilikwisha kumshika: ndege hubeba mzigo mdogo kwa sababu hubeba mafuta mengi, basi kwa nini isiongezewe mafuta ikiwa angani?

Septemba 1934 alijaribu kwenda India bila kutua. Alipokea mafuta angani, lakini hitilafu ya injini ilimlazimu kutua Malta. Siku hiyo hiyo, ndege iliyomjazia mafuta ilianguka Uingereza na kuua waliokuwamo. Hakukata tamaa. Mwaka 1939 kampuni yake ilizijazia mafuta ndege za barua zilizovuka Atlantiki, hadi vita vilipokatiza kazi hiyo. Mwaka 1949, ndege ya jeshi la Marekani ilitumia vifaa vya kampuni hiyo kuizunguka dunia bila kutua, kwa saa 94.

Cobham alifariki dunia Oktoba 21, 1973, akiwa na umri wa miaka 79. Njia yake ya kujaza mafuta ilibaki kwa majeshi. Ndege za abiria ziliifikia mbali kwa injini bora na matangi makubwa. Ndege ya leo ya London hadi Cape Town huvipita juu kwa juu vituo alivyovihangaikia. Lakini Mwanza, Kisumu na Ndola havikufa. Ndege zingali zikitua huko kila siku, zikiwa na abiria ambao wengi wao hawajapata kulisikia jina la Cobham, sembuse la Elliott au la vibarua waliobomoa vichuguu.