Mendeleev: Alikataliwa chuo, akaipangia dunia elementi

Dmitri Mendeleev alizaliwa 1834 Tobolsk, Siberia, kitinda mimba wa familia kubwa. Baba yake, mwalimu, akapofuka. Mama, Maria, akashika kiwanda cha vioo ndio watoto wapate kula. Baba akafariki 1847, na mwaka uliofuata kiwanda kikateketea. Hapo wengi wetu tungesema basi.

Mama hakusema basi. Alifunga virago na kumpeleka kijana Moscow, karibu kilomita 2,000. Chuo kikuu kikamkataa kwa sababu ya mkoa aliotoka. Mtu wa mtaa anaijua hiyo. Wakasonga hadi Saint Petersburg, akapata nafasi chuo cha walimu 1850. Mwaka huo huo mama akafariki.

Mnamo 1869, Mendeleev alipanga elementi 63 zilizojulikana kwa kufuata uzito na tabia. Mpangilio ulipogoma, aliacha nafasi wazi na kutabiri kitakachokaa pale. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879. Zikatoshea.

Mbona zilitoshea? Jibu ni elektroni, zilizogunduliwa 1897. Mwenyewe alifariki 1907 bila kuziamini. Baadaye ndipo ilibainika kuwa elektroni hukaa kwa matabaka kuzunguka kiini cha atomi, na jedwali lake lilikuwa linafuata matabaka hayo tayari.

Hebu cheki sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi ya chipsi pale Kabiro. Iko mstari wa tatu, kwa hivyo ina matabaka matatu. Iko safu ya kwanza, kwa hivyo tabaka la nje lina elektroni moja. Zote ni 11: 2, 8, 1. Hiyo moja ni kama abiria anayening'inia mlangoni mwa matatu, kushuka ni rahisi. Klorini, mstari huo huo, ina 2, 8, 7. Imebakisha kiti kimoja. Sodiamu inatoa, klorini inapokea, chumvi hiyo!

Lithiamu na potasiamu ziko safu moja na sodiamu, ndiyo maana tabia zao zinafanana.

Kwa hivyo usikariri jedwali kama kasuku. Mstari unakupa matabaka, safu inakupa elektroni za nje. Kwa elementi 20 za kwanza njia hii inafanya kazi, isipokuwa heliamu, ambayo ina elektroni mbili tu.

Elementi namba 101, iliyotengenezwa Marekani 1955, ilipewa jina la Mendeleev. Yule kijana aliyekataliwa Moscow sasa ana nafasi yake kwenye jedwali.