Livingstone: Mskoti asiyepatikana katika sensa za kwao

WAHENGA walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Pengine ndiyo maana watu wengi wenye asili ya Uskoti, wawe wamezaliwa Canada, Australia au Afrika Kusini, hutumia miaka mingi wakipekua sajili kuukuu ili wayajue majina ya mababu zao na mahali walikozikwa.

Safari hiyo aghalabu huishia jijini Edinburgh, zinakohifadhiwa nyaraka za taifa hilo. Siku hizi yawezekana pia kuzisoma nyingi kati yazo kupitia mtandao wa ScotlandsPeople.

Mtafiti hutegemea hazina tatu. Ya kwanza ni vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi. Ya pili ni sajili za serikali za vizazi, ndoa na vifo, zilizoanza Januari 1, 1855. Ya tatu ni sensa, ambayo kwa desturi hufanywa kila baada ya miaka 10 na hufunguliwa kwa umma miaka 100 ikishapita.

Hata hivyo, atakayezipekua sensa hizo akimtafuta Mskoti ambaye jina lake limevuma zaidi katika eneo hili letu la Afrika Mashariki, Dkt David Livingstone, atatoka mikono mitupu. Mtu huyo aliyezipima mito na nchi za wengine hakuwahi kuorodheshwa kwa jina katika sensa ya nchi yake mwenyewe.

Nasaba ya kisiwani

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 huko Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde, karibu na jiji la Glasgow. Wazazi wake, Neil na Agnes, waliishi katika jengo lililoitwa Shuttle Row. Familia 24 zilibanana humo, kila moja katika chumba kimoja.

Lakini kitovu cha ukoo wake hakikuwa Blantyre. Babu yake, aliyeitwa pia Neil, alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, magharibi mwa Uskoti, ambako wenyeji walizungumza Kigaeli. Shamba halikutosha kuilisha familia, na mnamo 1792 hivi akahamia Blantyre kutafuta kazi kiwandani.

Mzee huyo hakubeba vyeti. Alibeba kumbukumbu. Aliweza kuwasimulia wajukuu habari za vizazi sita vya ukoo wake, mmoja baada ya mwingine, jinsi wazee wetu wanavyofanya hadi leo penye moto au chini ya mwembe. Miongoni mwa waliosimuliwa ni baba yake mzee huyo mwenyewe, aliyeuawa katika vita vya Culloden mnamo 1746 akipigania ukoo wa kifalme uliokuwa umepinduliwa.

Usimulizi huo ulikuwa na thamani kubwa kwa sababu vitabu vya kanisa nchini Uskoti vina mianya mingi. Parishi nyingine zilianza kuvitunza katika karne ya 16, nyingine zikachelewa mno, hasa visiwani. Maskini hawakuandikishwa sikuzote, na waliojitenga na kanisa la taifa mara nyingi hawakuonekana humo kabisa. Baba yake Livingstone mwenyewe baadaye alilihama kanisa hilo na kujiunga na kanisa huru mjini Hamilton.

Habari za mazishi ndizo zilizopuuzwa zaidi. Katika parishi nyingi hakuna orodha ya waliozikwa, ila kuna hesabu ya fedha zilizolipwa kukodi kitambaa cha kanisa cha kufunikia jeneza. Hivyo, alama pekee ya kifo cha mtu yaweza kuwa senti chache zilizoandikwa katika daftari la mapato. Ambaye jamaa zake hawakuwa na senti hizo alitoweka bila alama.

Hata jina humtatiza mtafiti. Baba yake Livingstone aliliandika jina la ukoo bila herufi ya mwisho, na mwanawe akafuata mtindo huo hadi miaka ya 1850, herufi hiyo iliporejeshwa. Anayetafuta tahajia moja tu huweza kuwapita watu wake mwenyewe.

Livingstone naye aliwahi kuifuata asili yake. Mnamo 1864, akiwa mapumzikoni Uingereza, alizuru Ulva na kufika mahali palipokuwa na nyumba ya babu yake. Alikuta magofu. Kati ya 1846 na 1851, mwenye kisiwa alikuwa amewafukuza wakazi wengi ili apate malisho ya kondoo. Wanaozilinganisha sensa za 1841 na 1851 huweza kuona nyumba baada ya nyumba ikitoweka kwenye orodha.

Usiku wa kuhesabiwa

Akiwa na umri wa miaka 10, Livingstone aliajiriwa kiwandani kuunganisha nyuzi zilizokatika. Alifanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha akaenda darasani. Sehemu ya ujira wake wa kwanza aliitumia kununua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Mnamo 1836 alianza masomo ya udaktari mjini Glasgow, na mnamo Desemba 1840 akafunga safari ya Afrika Kusini akiwa mmishonari.

Hapo ndipo kitendawili cha sensa kinapoteguka. Hesabu za watu zilifanywa Uskoti tangu 1801, lakini zile za mwanzo zilitaka idadi tu. Sensa ya kwanza kuorodhesha nchi nzima kwa majina ilifanywa Juni 6, 1841. Siku hiyo Livingstone alikuwa njiani kuelekea kituo cha Kuruman kwa gari la kukokotwa na ng'ombe.

Makarani walipopita tena Machi 1851, alikuwa Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Walipopita Aprili 7, 1861, alikuwa katika pwani ya Bahari ya Hindi na meli yake Pioneer, muda mfupi baada ya kujaribu kuupanda mto Ruvuma. Na walipopita Aprili 2, 1871, alikuwa amewasili majuzi tu Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba nchini Kongo.

Alirudi kwao mara mbili pekee, kutoka Desemba 1856 hadi Machi 1858, na kutoka Julai 1864 hadi Agosti 1865. Mara zote mbili alikuwa ameshaondoka sensa ilipowadia.

Familia yake ililipia kutokuwepo huko. Baba yake alipofariki Februari 1856, mwana alikuwa bado katika bonde la Zambezi akimalizia safari ya kulivuka bara. Mama yake alipofariki Juni 1865, alibahatika kumzika.

Anayetaka kuyazuru makaburi ya nyumba hiyo hana budi kuvuka bahari. Binti yake Elizabeth, aliyeishi majuma sita tu, alizikwa Kolobeng mnamo 1850. Mkewe, Mary, alifariki Aprili 1862 na kuzikwa chini ya mbuyu huko Shupanga, Msumbiji. Kifungua mimba wao, Robert, alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwa jina la Rupert Vincent, akafia katika kambi ya wafungwa ya Salisbury, North Carolina, mnamo Desemba 1864. Mwenye kulitafuta jina la Livingstone katika orodha ya wafungwa hao hangelipata.

Mfupa uliotoa ushahidi

Livingstone alirejea Afrika mnamo 1866 kutafuta chanzo cha mto Nile. Huko Nyangwe, Julai 15, 1871, alishuhudia watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiwamiminia risasi raia sokoni. Taarifa yake kuhusu unyama huo ilichangia shinikizo lililomfanya Sultani Barghash wa Zanzibar kulifunga soko la watumwa mnamo Juni 1873.

Yeye hakuishi kuisikia habari hiyo. Alfajiri ya Mei 1, 1873, kwa mujibu wa tarehe inayokubaliwa na wengi, watumishi wake walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda katika kijiji cha chifu Chitambo, Zambia ya leo.

Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliamua kumrudisha kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa siku 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nashik nchini India, alisoma sala za maziko. Kisha alichonga juu ya mti jina la marehemu na tarehe, akaandika Mei 4. Kipande hicho cha mti kilikatwa baadaye na sasa kimehifadhiwa London. Hiyo ndiyo sajili ya kwanza ya mazishi ya Livingstone, nayo haikuandikwa na kasisi wala karani wa serikali.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na msafara wa Luteni Cameron, Mwingereza aliyewashauri wamzike hapo. Walikataa. Baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,600, waliufikisha mwili Bagamoyo mnamo Februari 1874.

Mwili ulipowasili Uingereza mwezi Aprili, uso haukutambulika tena. Ni nani angethibitisha kwamba huyu ndiye? Daktari Sir William Fergusson aliukagua mkono wa kushoto na kuukuta mfupa uliovunjika na kuunga vibaya, kovu la simba aliyemrarua Livingstone huko Mabotsa mnamo 1844. Shaka ikaisha. Aprili 18, 1874 akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Wabebaji bila sajili

Wapo wanaomlaumu Livingstone kwamba alizichora njia ambazo wakoloni walizifuata baadaye, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini kisa cha kaburi lake kina funzo jingine. Jiwe la Westminster linawasifu waliomleta kwa uaminifu kupitia nchi kavu na bahari, ila halimtaji hata mmoja wao kwa jina.

Chuma alikuwa Myao aliyefunguliwa minyororo ya msafara wa watumwa mnamo 1861. Alifariki Zanzibar mnamo 1882, na Susi akafia huko huko mnamo 1891. Hakuna kitabu cha parishi kilichoandika walipozaliwa, wala karani aliyebisha hodi kuwauliza majina ya wazazi wao.

Mwingine katika msafara huo aliishi na kuzeeka nchini Kenya. Matthew Wellington, Myao pia, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa baharini na kupelekwa Nashik, ambako alipewa jina hilo la kigeni. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Chengwimbe. Alifariki Mombasa mnamo 1935, akiwa wa mwisho kati ya waliombeba Livingstone.

Mjukuu wa Ulva alikosekana katika sensa nne, lakini ukoo wake wafuatika kwa sababu babu alisimulia na mjukuu akaandika. Chengwimbe alinyakuliwa kabla hajamaliza kusimuliwa. Msomaji ambaye bado ana babu au nyanya anayeyakumbuka majina ya vizazi vilivyotangulia asingoje sensa ijayo. Na achukue kalamu leo.