Fritz Lang: Mwongozaji aliyeuonya ulimwengu kwa picha

Takriban karne moja baada ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, filamu ya Metropolis ingali kipimo cha filamu zote zinazosimulia jamii ya siku za usoni iliyojaa dhuluma. Aliyeiongoza, Fritz Lang, aliishi kuishuhudia nchi aliyoifanya kuwa yake ikitumbukia katika giza lililofanana mno na lile alilolionyesha kwenye sinema. Aliponusurika, alisimulia kisa cha kunusurika kwake kwa namna ambayo wanahistoria wanaendelea kuibishia mpaka leo.

Mtoto wa mjenzi

Friedrich Christian Anton Lang alizaliwa tarehe 5 Disemba mwaka 1890 mjini Vienna, uliokuwa wakati huo makao makuu ya dola ya Austria na Hungary. Baba yake, Anton Lang, alikuwa msanifu majengo na mshirika katika kampuni ya ujenzi. Mama yake, Paula, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, kisha akaingia dhehebu la Kikatoliki wakati mwanawe akiwa bado mtoto. Fritz alilelewa katika imani hiyo.

Baba alitaka kijana afuate nyayo zake. Fritz alianza masomo ya uhandisi, lakini moyo wake ulikuwa katika uchoraji. Aliuhama mji wa kwao, akasafiri huku na huko, na mwaka 1913 akawa mjini Paris akijifunza kuchora. Hata hivyo, kazi ya baba haikumtoka kabisa. Katika filamu zake zote, majengo, ngazi na kuta huzungumza kama wahusika wengine.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Lang alirejea Vienna na kujiunga na jeshi la Austria. Alipigana katika medani za mashariki, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na jicho lake la kulia likapata madhara ambayo hayakupona. Alipokuwa akiuguza majeraha yake hospitalini, alianza kuandika hadithi za filamu. Vita vilipomalizika mwaka 1918, mtayarishaji Erich Pommer alimchukua kufanya kazi Berlin.

Ujerumani aliyoikuta ilikuwa imeshindwa vitani, ina njaa na hasira, na baada ya muda mfupi fedha yake ikapoteza thamani kabisa. Mwaka 1922 Lang alitoa filamu ya sehemu mbili kuhusu Daktari Mabuse, tapeli anayetumia kiinimacho na hila kuzitawala akili za watu na soko la hisa. Watazamaji waliutambua wakati wao katika filamu hiyo.

Mwaka huo huo Lang alimwoa mwandishi Thea von Harbou. Mke wake wa kwanza, Lisa, alikuwa amefariki kwa jeraha la risasi nyumbani kwao, kisa ambacho hakuna aliyeshtakiwa nacho na ambacho Lang alikwepa kukizungumzia maisha yake yote. Yeye na Harbou wakawa timu mashuhuri kuliko zote katika sinema ya Ujerumani: mke akiandika, mume akiongoza.

Mji wa juu na mji wa chini

Mwezi Oktoba mwaka 1924 Lang na Pommer walikwenda Marekani. Lang alisimulia baadaye kwamba usiku wa kwanza, akiwa bado ndani ya meli bandarini New York, aliyaona majumba marefu yakimeremeta kwa taa, na hapo ndipo wazo la Metropolis lilipomjia. Watafiti wanaeleza kuwa mswada wa filamu hiyo ulikuwa umekwisha kuanza kuandikwa kabla ya safari. Lakini hakuna shaka kwamba New York ndiyo iliyoupa mji wa Lang sura yake.

Upigaji picha ulianza mwezi Mei mwaka 1925 katika studio za kampuni ya Ufa huko Neubabelsberg, karibu na Berlin, na haukumalizika mpaka mwezi Oktoba mwaka 1926.

Filamu inaonyesha mji uliogawanyika pande mbili. Juu wanaishi matajiri katika bustani, viwanja vya michezo na majumba yanayogusa mawingu. Chini ya ardhi wanaishi wafanyakazi, wakitembea kwa safu, vichwa vimeinama, wakiingia zamu huku wenzao wakitoka. Hawaitwi kwa majina bali kwa nambari. Freder, mwana wa mtawala wa mji, anateremka chini na kushuhudia mtambo ukilipuka. Mbele ya macho yake mtambo unageuka kuwa mungu mwenye kinywa wazi, unaowameza watu wakiwa hai.

Miongoni mwa wafanyakazi yupo binti aitwaye Maria anayehubiri subira. Mtawala anamwamuru mvumbuzi Rotwang ampe roboti wake sura ya binti huyo, ili imani ya watu iharibiwe kutoka ndani. Maria wa bandia anawachochea wafanyakazi, nao wanaivunja mitambo bila kukumbuka kwamba maji yatawafurikia watoto wao waliobaki nyumbani.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya filamu hii. Mji wa Metropolis hautawaliwi kwa mabavu tu. Unatawaliwa pia kwa sura inayopendwa na sauti inayoaminiwa, zilizoibwa na wenye mamlaka.

Gharama ya ndoto

Ujuzi uliotumika ulikuwa wa kushangaza kwa wakati ule. Eugen Schüfftan alibuni njia ya kutumia kioo kilichokwanguliwa sehemu ya rangi yake ya fedha. Kioo hicho kiliakisi sanamu ndogo za majengo, na kupitia sehemu iliyokwanguliwa kamera iliwaona waigizaji waliosimama mbali. Hivyo mtu na jengo lisilokuwepo vikaonekana katika picha moja. Magari madogo ya bandia yalisogezwa kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine, kwa siku kadhaa ili kupata sekunde chache tu za msongamano barabarani.

Lakini walioumia walikuwa watu wa kweli. Brigitte Helm, msichana aliyekuwa hajawahi kuigiza katika filamu yoyote, alibeba nafasi ya Maria pamoja na ile ya roboti, ndani ya vazi gumu lililomchubua mwili. Katika tukio la kuchomwa roboti, moto ulilishika vazi lake. Mamia ya watoto kutoka mitaa ya maskini ya Berlin walisimama katika maji siku baada ya siku kwa ajili ya tukio la mafuriko, huku Lang akidai lirudiwe tena na tena. Matangazo ya kampuni yalijigamba kwamba watu 36,000 walishirikishwa. Mwongozaji aliyewatetea wanyonge katika filamu alikuwa, katika eneo lake la kazi, bwana asiyesikia kilio.

Gharama zilipanda kutoka milioni 1.5 za Reichsmark zilizokadiriwa hadi zaidi ya milioni 5. Filamu ilizinduliwa tarehe 10 Januari mwaka 1927, ikiwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Mapato yalikuwa hafifu. Mwandishi wa Uingereza H. G. Wells aliikejeli hadharani, na wengi waliuona mwisho wake, ambapo mtawala na msimamizi wa wafanyakazi wanapeana mikono, kuwa suluhisho la kitoto. Lang mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba hakuridhishwa na mwisho huo.

Filamu ilikatwa na kufupishwa Marekani na Ujerumani. Kampuni ya Ufa, iliyokuwa taabani kifedha, iliangukia mwaka huo huo mikononi mwa Alfred Hugenberg, mmiliki wa magazeti na mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia.

Sauti nyuma ya pazia

Lang hakukata tamaa. Mwaka 1929 alitoa filamu kuhusu safari ya mwezini, ambamo roketi inarushwa kwa kuhesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, miongo kadhaa kabla ya ulimwengu kuuzoea utaratibu huo. Mwaka 1931 ikafuata M, filamu yake ya kwanza yenye sauti, kuhusu muuaji wa watoto anayesakwa na polisi pamoja na wahalifu wenzake. Ndani yake mji mzima unashikwa na hofu, majirani wanashukiana, na umati unajitwalia kazi ya hakimu.

Kisha Lang akamrejesha Daktari Mabuse. Katika filamu mpya, Mabuse yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiandika bila kukoma mipango ya kueneza vitisho mpaka watu wapoteze imani katika kila kitu. Genge linapokea amri kutoka kwa mtu aliyefichwa nyuma ya pazia. Pazia linapofunguliwa, hakuna mtu. Kuna kipaza sauti tu.

Adolf Hitler alikabidhiwa ukansela tarehe 30 Januari mwaka 1933. Mwishoni mwa mwezi Machi, filamu hiyo ilipigwa marufuku nchini Ujerumani.

Kisa cha mwaka 1933

Kuhusu yaliyofuata, Lang alisimulia hivi kwa miaka mingi. Waziri wa Propaganda, Joseph Goebbels, alimwita ofisini, akamweleza kwamba Hitler aliipenda Metropolis, na akampa nafasi ya kuisimamia sinema ya Ujerumani. Lang alimkumbusha kuwa mama yake alizaliwa Myahudi, na waziri akaliondoa jambo hilo kama kitu kidogo. Muda wote huo Lang alikuwa akiitazama saa nje ya dirisha, akihofia benki kufungwa. Jioni hiyo hiyo, bila fedha zake, alipanda treni kwenda Paris.

Ni kisa kilichopangwa kama filamu, na huenda hapo ndipo ilipo kasoro yake. Pasipoti ya Lang imehifadhiwa, na mihuri yake inaonyesha kwamba aliendelea kuingia na kutoka Ujerumani mpaka mwishoni mwa mwezi Julai mwaka huo.

Hilo halibadili jambo la msingi. Lang alikuwa na jina, fedha na heshima, akaviacha. Mkewe alichagua njia nyingine. Wawili hao walitalikiana mwaka 1933. Harbou alibaki, akajiunga na chama cha Nazi na kuendelea kuandika filamu chini ya utawala huo. Baada ya vita alizuiliwa na Waingereza, kisha akawa miongoni mwa wanawake waliozoa vifusi vya miji iliyobomolewa. Mwaka 1954 alialikwa Berlin kutazama moja ya filamu alizotunga na Lang zamani. Alipokuwa akitoka, alianguka na kuumia, na siku chache baadaye akafariki.

Ugenini

Baada ya kutengeneza filamu moja Ufaransa, Lang aliwasili Marekani mwaka 1934. Alijifunza lugha mpya akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Filamu yake ya kwanza huko, Fury ya mwaka 1936, inamhusu mtu asiye na hatia anayevamiwa na umati wenye hasira. Lang alikuwa ametambua kwamba kile alichokikimbia hakina taifa moja.

Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa wasanii wa Hollywood waliopinga Unazi, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1939, na akachangia kumwezesha mwandishi Bertolt Brecht kuingia nchini humo. Pamoja walitunga hadithi ya Hangmen Also Die! ya mwaka 1943, kuhusu upinzani dhidi ya Wanazi mjini Prague. Hata hivyo, ukali wake kazini uliwachosha wengi, na magomvi na wenye studio hayakwisha.

Alirudi Ujerumani katika miaka ya 1950. Filamu yake ya mwisho kuongoza, ya mwaka 1960, ilimrejesha Mabuse kwa mara ya tatu. Safari hii macho elfu moja ya muovu ni kamera zilizofichwa katika vyumba vya hoteli iliyojengwa zama za Wanazi, zikimpeleleza kila mgeni. Wakati huo wengi waliiona kama filamu ya kizamani. Anayeitazama leo, simu yake ikiwa mfukoni, huenda akaiona kwa jicho tofauti.

Mikanda iliyopotea

Fritz Lang alifariki dunia tarehe 2 Agosti mwaka 1976 huko Beverly Hills, Marekani, akiwa na umri wa miaka 85 na karibu kipofu. Hakuwahi tena kuiona Metropolis ikiwa kamili, kwani iliaminika kwamba sehemu zilizokatwa zimepotea milele.

Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliiingiza filamu hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia, ikiwa filamu ya kwanza kupewa heshima hiyo. Mwaka 2008 ikatokea habari iliyowashangaza wengi: nakala iliyochakaa, lakini yenye takriban dakika 25 zilizokosekana, ilitambuliwa katika jumba la makumbusho ya filamu mjini Buenos Aires, Argentina. Asili yake ni nakala iliyonunuliwa na msambazaji filamu wa nchi hiyo kabla mkasi haujafanya kazi yake. Mwezi Februari mwaka 2010, watazamaji wa Berlin waliiona tena karibu yote, michirizi ikiwa bado ipo kwenye sehemu zilizookolewa.

Tangu hapo na kabla ya hapo, wengi wamekopa kutoka kwake. Roboti wa dhahabu katika Star Wars ya mwaka 1977 ana nasaba na Maria wa bandia, na majengo ya Blade Runner ya mwaka 1982 yamesimama juu ya msingi wa Lang. Kila filamu inayowaweka matajiri juu na wafanyakazi chini inaendeleza mazungumzo aliyoyaanza yeye.

Swali aliloliacha halikuhusu mitambo. Lilihusu watu wanaoamini sauti bila kulifunua pazia kuona nani anazungumza. Mwaka 1927 lilionekana kuwa ndoto ya gharama kubwa. Miaka 6 baadaye, katika mji ule ule, halikuwa ndoto tena.