Setla Aliyekabidhiwa Kilimo cha Taifa

Ukiwauliza wanafunzi wetu Bruce McKenzie alikuwa nani, wale wachache watakaojibu watakueleza jinsi alivyokufa. Watataja ndege, bomu na Idi Amin. Jinsi alivyoishi hawaijui, wala siwalaumu, kwani vitabu vingi humpitia mbio kama mtu apitaye makaburini usiku. Ilhali habari za mkulima mdogo wa chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, haziwezi kusimuliwa barabara bila kuitaja wizara aliyoiongoza katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

McKenzie alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1919. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa rubani wa kijeshi, akatunukiwa nishani za ushujaa, na vita vilipokwisha akahamia Kenya mwaka 1946, akawa mkulima huko Solai, karibu na Nakuru.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Kiswahili cha Bonde la Ufa kilikuwa na majina matatu ya watu walioishi kwa udongo. Mzungu mwenye ardhi aliitwa setla; Mwafrika aliyekaa katika ardhi hiyo kwa kulipia kwa jasho lake aliitwa skwota; na neno mkulima likabakia kwa Mwafrika aliyelima kishamba chake. Hivyo mtu angeweza kulima ekari elfu moja asiitwe mkulima. McKenzie alikuwa setla kwa kila hali, na ndiyo maana safari yake ya kisiasa iliwashangaza wengi.

Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Miaka miwili baadaye, Michael Blundell alipoiacha Wizara ya Kilimo ili akiongoze chama kipya, McKenzie akaishika nafasi yake. Kisha, mwaka 1961, akawaacha wenzake na kujiunga na KANU, chama ambacho masetla wengi walikiogopa kuliko nzige. Wengine walimwita msaliti. Kenyatta, kwa upande wake, alimwamini: mwaka 1963 McKenzie akawa Waziri wa Kilimo, na Mzungu wa pekee katika Baraza la kwanza la Mawaziri la Kenya huru.

Kericho, ambayo wakati huo ilijumuisha Bomet hadi wilaya hizo zilipotenganishwa mwaka 1992, ilikuwa na kisa chake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa walemavu wa Kiingereza ardhi ya Wakipsigis ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yalishika mahali pa maofisa hao. Wakipsigis wakabaki kuitazama chai kutoka ng'ambo ya ua, au kuichuna kwa ujira, kwa kuwa Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda mpaka miaka ya 1950.

Ruhusa ilipokuja, ilikuja kwa tahadhari nyingi. Mwaka 1960 kukaundwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Mazao Maalum, na mwaka 1964, McKenzie akiwa waziri, kazi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai, KTDA. Wataalamu wengi walidhani kwamba chai ni zao la shamba kubwa pekee: jani likishachunwa halingoji, lazima lifike kiwandani siku iyo hiyo, na mwenye nusu ekari atapata wapi lori na kiwanda? Jibu la KTDA lilikuwa kumwachia mkulima shamba, kisha kumzungushia huduma: miche, afisa wa ugani, kituo cha kununulia majani, malipo ya kila mwezi, na bonasi mwishoni mwa mwaka. Fedha za kuanzia zilikopwa Uingereza na Benki ya Dunia. Viwanda vya mwanzo viliendeshwa na yale yale makampuni kwa niaba ya Mamlaka. Leo wakulima wadogo ndio watoao zaidi ya nusu ya chai ya Kenya, na karo nyingi katika nchi ile zimetoka katika majani mawili na chipukizi.

Sifa hiyo si ya McKenzie peke yake, na anayempa yote anawadhulumu waliolima. Tena ipo hesabu nyingine. Mpango wa Ekari Milioni, alioushughulikia akiwa Waziri wa Makazi ya Ardhi mwaka 1962, ulinunua mashamba ya masetla na kuwagawia Waafrika, lakini mashamba makubwa ya chai haukuyagusa. Serikali iliona kwamba nchi changa isingeweza kuhatarisha fedha za kigeni. Hoja hiyo naielewa, ila sijapata kuikubali yote, maana hasara ya tahadhari hiyo aliibeba Mkipsigis peke yake.

Kufikia 1970 McKenzie alikuwa ameondoka wizarani, akashughulikia biashara na mambo mengine yaliyosemwa kwa kunong'ona. Tarehe 24 Mei 1978, akirejea kutoka Uganda kumwona Amin, ndege yake ililipuka karibu na vilima vya Ngong, akafa pamoja na wenzake watatu. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kuhusu ile ile ardhi ya chai.