Rebmann: Aliiona theluji ya Kilimanjaro, wasomi wakambishia

Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, miaka 28, aliuona weupe juu ya Kibo, kilele ambacho leo ukiwa Moshi unakiona kirahisi.

Alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akakata nyika kavu ya Taita kwa mguu wiki mbili, akilala porini na watu wake tisa.

Stori ya zamani Uchagani ilikuwa kwamba watu walipanda kutafuta madini ya fedha, wakashuka na maji tu. Rebmann akaelewa: ni theluji.

London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akapinga. Mwaka 1861 Baron von der Decken akathibitisha.

Rebmann alirudi kwao 1875 akiwa kipofu. Akafariki 1876.